Miguu ya mbwa wa kuwinda: mazoezi, dawa ya kukaza, nta au viatu? Tulinganishe

Huku Arizona msimu wa kware wa Gambel unafunguliwa mwezi wa kumi, na kila ukikaribia maswali ni yaleyale. Nimnunulie mbwa viatu? Nimpake nta? Mwingine kaambiwa kuna dawa ukipaka ngozi inakuwa ngumu, mwingine baba mkwe wake ni mzee wa hapahapa, kafuga mbwa wa kuwinda aina ya pointa tangu kijana na hajawahi kumvisha mbwa kitu chochote na mbwa wake wanarudi wazima. Ukimsikiliza kila mtu unabaki umesimama dukani na hela mkononi hujui ununue nini. Na wote hao wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu hawawindi sehemu moja. Anayefuata kware wa Mearns kwenye vilima vya mialoni kule Patagonia (mji mdogo wa kusini mwa Arizona) hana shida sawa na anayezunguka jangwa la cholla, ile kaktasi yenye miba mingi, nje ya Tucson, na yule wa Nevada anayepandisha majabali kufuata chukar, ndege wa jamii ya kware, ana shida yake nyingine kabisa.

Kitu kimoja tukiweke sawa mapema, maana ndo chanzo cha ubishi mwingi. Kukomaza unyayo na kuukinga ni kazi mbili tofauti. Mazoezi na dawa ya kukaza vinafanya kazi kwenye ngozi yenyewe, nta na viatu vinakaa kati ya ngozi na ardhi. Mtu anayeuliza "mazoezi au viatu" anauliza kama vile moja likiwepo jingine halitakiwi, wakati mara nyingi unahitaji vyote, swali ni kipi kwanza na kipi kwa siku gani.

Vigezo tutakavyotumia

Nitaviangalia vyote kwa maswali hayahaya: kinasaidia dhidi ya adui gani (mawe makali, miba, joto la ardhi, barafu), kinataka muda gani kabla ya msimu, usumbufu wake kwa mbwa na kwako, hela, na kinaweza kuleta madhara gani kikitumika vibaya. Mwisho wa kila kimoja nasema kinamfaa nani.

Alafu mgeuze mbwa wako chali umwangalie mguu kabla hujasoma zaidi. Zile sehemu nyeusi nene za chini, ile kubwa ya katikati na zile ndogo nne za vidole, ni ngozi iliyotengenezwa kwa ajili ya kusagwa, chini yake kuna mafuta ya kupunguza mshindo na mishipa mingi ya damu, ndo maana mbwa akikatwa hapo anatapakaza damu gari zima. Sasa panua vidole. Kati yake kuna ngozi laini, nyembamba, mara nyingi ina rangi ya pinki. Hiyo hamna mazoezi wala dawa itakayoifanya iwe ngumu. Mwiba ukiingia pale umeingia. Ukilielewa hilo tu, nusu ya uamuzi umeshafanya.

Mazoezi kwenye ardhi ngumu

Hapa ndo msingi. Unyayo unanenepa kwa kutumika, kidogo kidogo, na mbwa aliyekaa kwenye kapeti na nyasi za bustani miezi saba hawezi kutoka Jumamosi moja akakimbia kutwa kwenye mawe bila kuchanika. Kumbuka wewe ukitembea kilomita 10, kola ya GPS inaweza kukuonesha mwenzio kapiga 30 au zaidi, tena kwa kukimbia, kukata kona na kufunga breki.

Dhidi ya mawe na changarawe hakuna kinachoshinda mazoezi. Kwa joto yanasaidia kiasi. Kwa miba, hapana, hasa ile inayoingia kati ya vidole.

Muda: wiki 6 mpaka 8 kabla ya msimu. Unaanza na dakika 15 au 20 kwenye barabara ya changarawe, siku moja ndiyo siku moja hapana, unaongeza taratibu. Hizo siku za kupumzika ndo ngozi inajijenga, ukimpeleka kila siku unaisaga kwa kasi kuliko inavyoota na unaishia na mbwa mwenye unyayo mwembamba kuliko alivyoanza. Mkague kila mkirudi. Unyayo ulioanza kung'aa, ukawa laini kama umepigwa msasa, au una wekundu katikati, au mbwa anajilamba miguu akifika tu nyumbani, maana yake mmezidisha, mpe siku tatu nne.

Shida ya huku ni kwamba wiki 6 kabla ya mwezi wa kumi bado ni kiangazi cha kufa mtu, Phoenix mchana inavuka nyuzi 40 na lami inakuwa balaa. Kwahiyo ni alfajiri, kabla jua halijatoka. Weka mgongo wa kiganja chini kwa sekunde 7, kama wewe huwezi kuvumilia basi na yeye hawezi. Lami hata ikiwa baridi sio nzuri kwa mbio ndefu, inasaga, changarawe ni bora. Kuogelea watu wanakupenda sana kwa ajili ya pumzi na kweli pumzi inakuja, ila unyayo uliolowa muda mrefu unakuwa laini, kwahiyo usitegemee bwawa peke yake.

Hela: bure, labda mafuta ya gari. Madhara: joto, kusaga kupita kiasi, na kwa mbwa mdogo viungo, maana chini ya mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu mifupa bado inakua na mbio ndefu kwenye ardhi ngumu sio zake.

Kinamfaa: kila anayewinda mara kwa mara. Hakimfai aliyekumbuka wiki mbili kabla ya ufunguzi, huyo ajipange kwa viatu.

Dawa ya kukaza ngozi

Hizi ni za maji, nyingi zina spiriti na utomvu wa miti, inayotajwa sana na wawindaji wa hapa ni Tuf-Foot. Unapaka chini ya mguu kila siku kwa muda, ukiona ngozi imekaza unapunguza mpaka mara chache kwa wiki. Wazee wengine wanamchovya mbwa miguu kwenye chai ya rangi nzito iliyopoa, wazo ni lilelile, ile tanini, uchachu wa majani ya chai, inakaza ngozi.

Inasaidia dhidi ya mawe, kwa kuongezea kwenye mazoezi. Miba haizuii, barafu haizuii. Inataka wiki kadhaa, kwahiyo kupaka usiku wa kuamkia safari ni kujifariji. Usumbufu ni mdogo, dakika moja jioni, ila kama kuna kidonda au hata mkwaruzo inachoma na kesho yake mbwa akiiona chupa anaingia chini ya kitanda. Bei ni ya kawaida na chupa inakaa.

Madhara yake ni kuzidisha. Ngozi ngumu sio sawa na ngozi kavu. Ukikausha sana, unyayo unapasuka nyufa, na huku hewa yenyewe ni kavu. Mimi naichukulia kama msaidizi, mbwa anayepakwa dawa na hatoki nje bado ni mbwa wa kapeti.

Inamfaa: mwenye mbwa ambaye unyayo wake kwa asili ni laini hata akifanya mazoezi, wapo hao, na mwenye kazi ya ofisini ambaye hawezi kumtoa zaidi ya mara mbili kwa wiki.

Nta

Kopo linalojulikana ni Musher's Secret, inatoka Canada na ilitengenezwa kwa ajili ya mbwa wa kuvuta sled (kigari cha kuteleza) kwenye theluji. Na hapo ndo unaona kazi yake. Inazuia theluji kuganda mabonge kati ya vidole, inazuia chumvi ya barabarani kule kwenye baridi, na unyayo uliokauka unarudi kuwa na uhai. Anayewinda ndege aina ya pheasant South Dakota mwezi wa kumi na mbili, hasa akiwa na seta au mbwa yeyote mwenye nywele nyingi kati ya vidole, nta kwake ni lazima (na apunguze hizo nywele kwa mkasi).

Kwa mawe makali ni kidogo sana. Kwa miba sifuri. Haitaki maandalizi, unapaka dakika tano kabla ya kutoka, ila inaisha haraka ukiwa kwenye mchanga na mawe. Bei nafuu, kopo moja linaweza kumaliza msimu. Madhara karibu hamna, zaidi ya mbwa kuteleza kwenye vigae vya sebuleni, na ukipaka nyingi kila siku wakati unajaribu kukomaza ngozi unafanya kazi mbili zinazopingana, huku unakaza huku unalainisha. Ukitumia dawa ya kukaza kabla ya msimu, nta iache mpaka msimu uanze, alafu iwe ya jioni baada ya kuwinda kwa ajili ya nyufa.

Inamfaa: mtu wa theluji, na mtu wa jangwani kama huduma ya jioni, sio kama kinga.

Viatu vya mpira

Hapa nitakaa kidogo maana ndo hela inapopotea na ndo watu wanakata tamaa mapema. Kuna aina nyingi ila ambavyo utawaona navyo wawindaji wengi wa kusini mwa Texas na huku ni vile vya chapa ya Lewis, mpira mzito, mrefu kidogo juu ya mguu, una vitundu vya kuingiza hewa na kutoa maji. Havina kamba wala velcro (ule utepe wa kunatana). Vinashikwa na plasta.

Kwa miba hakuna mpinzani. Mbigili ileile ya nyumbani Afrika Mashariki iko huku, imejaa pembeni mwa mashamba na barabara, mpungate upo, na ile cholla ambayo vipande vyake vinang'oka ukivigusa tu na miba yake ina ndoana, mbwa akikanyaga kimoja anajaribu kukitoa kwa mdomo kinahamia kwenye ulimi. Kiatu cha mpira kinamaliza sehemu kubwa ya hilo tatizo chini ya mguu. Kwa mawe makali ya volkeno kule Idaho na Nevada vilevile kinafanya kazi, ingawa mpira unaisha na utabadilisha. Joto kinapunguza, japo mguu wenyewe unatoka jasho mule ndani.

Muda wa maandalizi ni mfupi kuliko mazoezi ila upo. Siku ya kwanza mbwa atatembea kama jogoo aliyekanyaga gundi, usicheke sana ukasahau kumpa kitu cha kumchangamsha. Mvishe nyumbani dakika kumi, umrushie mpira au bawa la ndege asahau miguu, kesho tena. Wengi wakishanusa ndege wanasahau kabisa kama wamevaa kitu.

Jinsi ya kuvisha, na hapa ndo kila kitu. Kata kucha kwanza, kucha ndefu zinasukuma mbele ya kiatu na zinang'oka. Kama mbwa ana ule ukucha wa juu usiogusa chini, uzungushie bandeji laini inayojishika yenyewe, mzunguko mmoja, la sivyo ukingo wa kiatu utaukwangua mpaka damu. Ingiza mguu, bonyeza kwa mbele usikie vidole vimefika. Alafu plasta ya kuvutika, ile ya wanamichezo, nusu ikae kwenye kiatu nusu kwenye manyoya. Usiivute. Unaifungua tu kutoka kwenye roli na kuilaza, kwa sababu mguu ukianza kukimbia unatanuka na kujaa, na plasta uliyoikaza asubuhi inakuwa kamba saa nne. Kidole chako kimoja kiweze kupita kwa shida kidogo. Baada ya saa moja porini msimamishe, shika vidole kupitia mpira, angalia juu ya plasta kama pamevimba.

Mkirudi kwenye gari vitoe. Usimwache navyo safari nzima ya kurudi nyumbani. Kata plasta kwa mkasi wenye ncha butu ukipitia nyuma ya mguu, mwaga mchanga (utashangaa uliopitia vitundu vile), kausha kati ya vidole. Mchanga uliolowa ndani ya kiatu unakwangua ngozi kuliko mawe ya nje.

Hela: ni ghali kuliko vyote hapa, alafu kuna plasta kila safari ambayo watu hawaipigii hesabu. Madhara: mikwaruzo, kuvimba plasta ikikazwa, na mbwa kukosa mshiko kidogo kwenye jabali la kuteleza. Na kuna hili halisemwi sana, mbwa anayevishwa muda wote, mazoezini na porini, unyayo wake unalainika, siku kiatu kimoja kikichomoka mko mbali na gari ana mguu wa mtoto mchanga. Kwahiyo mazoezini peku, viatu viwe vya porini.

Kinamfaa: mtu wa cholla, mbigili na mpungate, mtu wa majabali ya chukar, na anayewinda siku tatu nne mfululizo. Kwa vilima vya mialoni na nyasi za Sonoita, jirani na Patagonia, unaweza kuviacha kwenye gari siku nyingi tu.

Viatu vya kitambaa na vya soli

Hizi ni familia mbili. Vya kitambaa chembamba ndo vile vya mbwa wa sled, kwenye mashindano ya Iditarod kule Alaska, karibu kilomita 1,600, sheria inamtaka kila mwendeshaji awe na viatu 8 kwa kila mbwa. Ni bei rahisi sana na vyepesi. Kwenye theluji ni vizuri, kwenye mawe ya Arizona vinatoboka siku hiyohiyo, mwiba unapita kama hakuna kitu.

Vya soli, mfano Ruffwear zenye soli ya Vibram, vinafungwa kwa velcro na vinapendeza. Kwenye lami ya moto na njia za kutembea ni vizuri, mshiko mzuri, kuvaa na kuvua sekunde. Shida ni kichakani. Mbwa wa kuwinda anapita katikati ya matawi kwa kasi, velcro inajaa mbegu za nyasi na kuachia, na ukirudi na viatu vitatu kati ya vinne kile cha nne hukioni tena. Ukifunga plasta juu yake vinatulia zaidi, ila sasa ule urahisi uliolipia umeondoka. Vipimo navyo, pima mguu mbwa akiwa amesimama ameukanyaga, sio ukiwa hewani.

Vinamfaa: mbwa anayepona kidonda, mbwa wa mjini anayepita kwenye lami, matembezi marefu njia iliyo wazi.

Tyubu ya pikipiki

Haipo dukani. Kata kipande cha tyubu chenye urefu wa mguu na kidogo zaidi, mbele kunja na uziba kwa gundi ya pancha, ingiza mguu, funga plasta juu kwa utaratibu uleule. Inazuia mawe na mbigili vizuri, miba mirefu kwa kiasi tu. Bei karibu bure. Haina hewa kabisa kwahiyo mguu unachemka, saa mbili zinatosha, na mshiko sio mzuri. Mimi naona hata mwenye viatu vya ghali abebe vipande viwili kwenye begi kwa ajili ya siku kiatu kitakapopotea.

Na wasomaji wa nyumbani wenye mbwa wa kufuatilia nyayo za majangili, mfano wale wa shirika la uhifadhi la Big Life upande wa Amboseli, hapa kuna kitu chao. Kenya uwindaji wa burudani wa wanyama pori ulipigwa marufuku tangu 1977 na kazi ya mbwa hao sio kware, ila ardhi ya moto, miba ya migunga na mbigili ni vilevile, na tyubu inapatikana kwa kila fundi pikipiki.

Sasa wewe uko wapi?

Kama umebakiza miezi miwili na mbwa ni mzima, anza mazoezi kesho alfajiri, mengine utaamua ukishaona unyayo umefika wapi. Dawa ongeza ukiona wiki ya tatu bado ngozi inang'aa.

Umebakiza wiki mbili: usijaribu kufidia kwa kumkimbiza kila siku. Nunua viatu vya mpira, mzoeze nyumbani, na siku ya ufunguzi winda saa mbili tatu tu alafu mrudishe.

Unawinda mara mbili kwa mwaka, mbwa wa nyumbani: viatu au tyubu, na matembezi ya kawaida kwenye changarawe mwaka mzima. Hapo hela ya dawa iokoe.

Jangwa la cholla: viatu, na pia chanuo la meno mapana na koleo ndogo mfukoni, sio kwenye gari. Chanuo linapita chini ya kile kipande na kukirusha, koleo kwa miba iliyobaki. Usishike kwa mkono.

Theluji na mashamba ya mahindi: nta, nywele za kati ya vidole zikatwe, viatu vya kitambaa kama kuna barafu iliyoganda na kukata.

Una mtoto wa mbwa chini ya mwaka: matembezi mafupi kwenye ardhi za aina mbalimbali, na mzoeze kushikwa miguu na kuvishwa kitu kidogo akiwa bado anakubali kila kitu.

Kama tayari kachanika porini, osha kwa maji safi ya chumvi, ngozi inayoning'inia usiivute, funga bandeji, vuta kiatu au tyubu juu yake, mbebe au mtembeze taratibu mpaka kwenye gari. Usimpe ibuprofeni wala panadol zako, kwa mbwa ni sumu. Kidonda kirefu, kinachotoa damu hata baada ya kukibana dakika kumi, au mguu uliochomwa na kitu ambacho hukioni, ni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kilichobaki kitataka wiki mbili tatu za mapumziko, na akirudi mazoezini anaanza tena na zile dakika 15.